Kusikiliza Barabara ya Mjimwema

Nchi yetu ina Mjimwema zaidi ya moja. Mkazi wa Dar es Salaam akilisikia jina hilo huwaza Kigamboni na upepo wa bahari. Mtu wa Njombe huwaza mtaa wa kwao wenye baridi na ukungu. Mjimwema ninayotaka kukutembeza Jumapili ya leo ni kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma, karibu kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, katika nchi ya mahindi, maharage na asubuhi za kuvaa sweta. Watalii hawaji hapa kupiga picha. Ni mahali pa watu wanaoamka, wakaenda kazini, shambani, sokoni na zahanati, kisha wakarudi nyumbani. Kwa sababu hiyo hasa napenda uifahamu.

Barabara ya kutoka Makambako, ambayo iliwekwa lami katika miaka ya 1980, hupanda vilima na kuvishuka hata masikio yakaziba na kuzibuka. Wazee wanaokumbuka hali ya kabla ya lami watakueleza habari za mabasi yaliyolala tope, na abiria waliochimba magurudumu kwa mikono. Siku hizi safari ni ya starehe, isipokuwa kwamba inaishia pasipo mji. Kituo kikuu cha mabasi kiko kata ya Tanga, nje ya Songea mjini, na ukishuka hapo na furushi lako utakuwa huna budi kutafuta chombo kingine. Ndiyo kusema mtu wa kwanza wa Songea utakayezungumza naye ni kijana aliyekalia pikipiki au bajaji. Atakuamkia vizuri, atakutajia nauli kubwa, mtapatana kwa ndogo, na kabla hujakaa sawasawa mtakuwa mmekwisha ondoka.

Njiani kijana wangu alinionyesha kwa kidevu milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma una chimbuko lake, na akanikumbusha, kana kwamba naweza kusahau, kwamba mji huu una jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na viongozi wengine wa Vita vya Maji Maji. Kumbukumbu yao iko Mahenge, hapo hapo mjini. Nenda ukaione ukipata nafasi. Mimi nilikuwa na shauri jingine, maana nilikuja kumtembelea shemeji yangu, Mjimwema.

Nyumba ya shemeji haiko mbali na Kituo cha Afya cha Mjimwema. Jirani yake ni mzee mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakuomba kuandikwa gazetini. Alikuwa fundi seremala hadi macho yalipomwishia, na sasa ni mwaka wa tisa haoni hata mwanga wa taa. Kila alasiri hukaa kwenye kigoda chini ya mwembe, mgongo ukutani, akisikiliza barabara kama wewe usomavyo gazeti hili.

Nilikaa naye, na alinifundisha. Bajaji, alisema, hukohoa kabla ya kupanda mwinuko. Pikipiki ambayo kijana amelitoboa bomba lake la moshi hupiga kelele kama debe linaloburutwa, na mwenyewe hudhani amependeza. Lori la makaa ya mawe litokalo upande wa Mbinga husikika kwanza kwa nyayo, ndipo lisikike kwa masikio. Gari dogo la mtumishi wa serikali hutambulikana kwa kuwa haliogopi mashimo. Alivijua vyombo vya mtaa mzima, na mara nyingi alimtaja mwendeshaji kwa jina kabla sijamwona mimi mwenye macho. Zaidi ya hayo, alivuka barabara peke yake. Hakuhitaji msaada ila wa fimbo yake na mkono mmoja alioinua juu.

Sikulitilia maanani jambo hilo hadi nilipoanza kuwatazama watu wengine. Mama aliyebeba ndoo kichwani hawezi kugeuza shingo. Husikiliza, kisha huvuka. Watoto wanaotoka shule wamo katika mazungumzo yao, nao husogea pembeni pindi wasikiapo mngurumo nyuma, bila kukatiza hadithi. Mchuuzi anayesukuma baiskeli yenye mzigo wa mkaa haoni cho chote cha nyuma yake. Katika mitaa yetu mingi hakuna njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa. Mtu, mbuzi, baiskeli na lori hugawana ukanda mmoja, na kinachowapatanisha ni sauti. Sijawahi kusoma kanuni hiyo katika sheria yo yote, lakini ndiyo inayotumika.

Siku ya tatu, siku ya Jumamosi, yapata saa mbili asubuhi, nilimsindikiza mzee kwenda kituo cha afya kupimwa shinikizo la damu. Mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa darasa la nne, alitangulia ameshika ncha ya fimbo. Tulipofika mahali pa kuvukia, mzee alituzuia kwa mkono. Akainamisha kichwa. Likapita lori. Ikapita bajaji yenye kikohozi. Akangoja tena kidogo, kisha akasema, "Twende."

Tulikuwa tumepiga hatua tatu au nne. Kitu kikapita mbele yetu kama kunguru arukaye chini chini, fimbo ikaruka kutoka mikononi mwao wawili, na mtoto akapiga ukelele baada ya jambo lenyewe kwisha. Hatukusikia mngurumo wo wote. Kulikuwa na mchakato wa matairi juu ya changarawe tu, kama mtu anayepepeta mchele.

Sitakuficha jambo, msomaji. Mimi nilikuwa na macho mawili mazima, nami sikutazama kushoto wala kulia. Nilikuwa nimezoea kumtegemea kipofu.

Mwendeshaji alisimama mbele kidogo, akakiegesha chombo, akarudi mbio. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, uso umemparama kwa hofu. "Shikamoo babu. Nisamehe babu, nilidhani mmeniona."

"Marahaba," alijibu mzee, akiipapasa fimbo aliyookotewa kama inayo ufa. "Hapa kazi ya kuona ni ya nani, mjukuu wangu? Chombo chako hakina ulimi?"

"Kina honi, babu."

"Basi kwa nini kilinyamaza?"

Kijana hakuwa na jibu. Ilikuwa pikipiki ya umeme. Mzee aliomba aishike, akaipapasa toka usukani hadi gurudumu la nyuma, akitafuta injini mahali injini inapokaa, asiione.

Baadaye, mzee alipokuwa kwenye foleni ya kupimwa, nilizungumza na kijana yule nje ya lango, naye alinieleza mambo yake kwa fahari ambayo siwezi kumlaumu. Alikuwa mwendeshaji wa bodaboda ya petroli kwa miaka minne. Kila jioni mafuta yalimla sehemu kubwa ya pato. Sasa betri yake huingia umeme usiku, uniti mbili au tatu za LUKU, na kwa huo huzunguka kilomita 50 au zaidi. Fanya hesabu mwenyewe: uniti tatu za umeme wa nyumbani hazifikii bei ya nusu lita ya petroli. Hana oili ya kubadilisha, hana plagi ya kusafisha. Mkewe ameongeza chakula mezani, nao wameanza kuweka akiba ya mabati.

Jambo hili lisingewezekana Songea miaka michache iliyopita. Mji huu uliishi kwa umeme wa mitambo ya dizeli, na kukatika kwake kulikuwa sehemu ya ratiba ya siku. Gridi ya Taifa ilifika mwaka 2018 kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako. Sisi tuliokuwako katika miaka ya shida ya mafuta, magari ya watu binafsi yalipozuiwa kutembea Jumapili alasiri ili nchi ibane petroli, hatuwezi kudharau chombo kinachotembea kwa maji ya mito yetu na gesi ya kusini. Kwa hiyo usinielewe vibaya ukadhani nimekuja kukilaani. Moshi umepungua, kelele zimepungua. Lakini kelele hizo ndizo zilizokuwa zikimwambia mzee wangu kwamba asivuke.

Yafaa tuelewe sababu yake. Injini ya petroli hufanya kazi kwa milipuko midogo, maelfu kwa dakika, na milipuko hiyo ndiyo tuisikiayo. Mota ya umeme huzungushwa na nguvu ya sumaku; hailipuki, hainguru. Chombo kikienda kasi barabara kuu utasikia matairi na upepo. Kikienda polepole mtaani, mahali penye watoto na wazee, ndipo kinapokuwa kimya kabisa. Tena mota hiyo hutoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, kwa hiyo mgeni akikizungusha kile kipini cha usukani pasipo kadiri, chombo huruka mbele kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kijana wetu alisema alikuwa akienda kilomita 30 kwa saa, nami namwamini. Mwendo huo ni zaidi ya mita 8 kila sekunde. Kwa kilomita 50, mwendo wa juu unaoruhusiwa mitaani penye watu, ni karibu mita 14: kabla hujamaliza kusema "jihadhari" kimekwisha kukufikia.

Sasa nikaribie lililonitia wasiwasi kuliko fimbo iliyoruka. Kijana yule ana leseni, ana bima, pikipiki yake ina namba. Aliyapata hayo yote katika miaka yake ya petroli. Lakini ana dada yake, msusi wa nywele, aliyenunua chombo kidogo zaidi, ile aina ya skuta nyembamba yenye magurudumu madogo na kikapu mbele. Haina namba. Dada hana leseni wala kofia ngumu. Mwuzaji alimwambia kwamba chombo hicho ni sawa na baiskeli, hakina habari na polisi. Je, kweli ni sawa na baiskeli? Kinampeleka kwa kilomita 40 kwa saa akiwa na mtoto wake amesimama miguuni pake, na jioni hupakia mishikaki, yeye, mtoto na shoga yake, kama bodaboda zozote.

Hapa pana shimo, msomaji. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Imerekebishwa mara kadhaa, na bado inatufaa, lakini walioiandika walikuwa na baiskeli upande mmoja na pikipiki upande wa pili, na kati ya viwili hivyo hapakuwa na mtu. Leo hapo katikati ndipo penye msongamano. Nchi za Ulaya ziliona jambo hili mapema zikachora mstari: baiskeli inayosaidiwa na mota isiyozidi wati 250, ambayo mota yake hujizima mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, hubaki baiskeli, inayozidi hapo huingia katika kundi la vyombo vya moto, pamoja na namba na bima yake. Ujerumani, ilipoziruhusu skuta za kusimama mwaka 2019, iliweka ukomo wa kilomita 20 kwa saa na kila moja ibandikwe kibati cha bima. Sisemi tunakili ya Ujerumani. Nasema mstari uchorwe mahali fulani, na mwuzaji alazimike kumwambia mnunuzi yuko upande gani wa mstari huo kabla hajapokea fedha.

Wako waliochelewa wakaishia kufuta kabisa. Mji wa Paris uliachia skuta za kukodi zitapakae njiani, zikaegeshwa popote, zikagonga wazee vichochoroni. Aprili 2023 wananchi waliitwa kupiga kura. Waliojitokeza hawakufika 8 kwa kila 100, lakini karibu 90 katika kila 100 ya hao walizikataa, na kufikia Septemba zilikuwa zimeondolewa. Jirani zetu wanakwenda njia nyingine. Rwanda, tangu Januari 2025, haisajili tena pikipiki mpya ya petroli ya kubebea abiria Kigali. Mpya lazima iwe ya umeme. Kenya nayo ilizindua mpango wa pikipiki za umeme huko Mombasa mwezi Septemba 2023, Rais wake akiwapo. Ukiniuliza, wimbi hilo litafika Mjimwema kwa wingi, na halitachukua miaka mingi.

Na sisi tunajua kuchelewa kunagharimu nini, kwa kuwa tulichelewa mara moja. Bodaboda zilienea mijini na vijijini zikibeba abiria kabla sheria haijatambua kwamba pikipiki yaweza kubeba abiria wa kulipa. Marekebisho yalikuja mwaka 2009, na kanuni za leseni za pikipiki na bajaji zikafuata mwaka 2010. Kati ya kuenea na kanuni hizo, vijana walijifunza kuendesha kwa kupeana usukani uwanjani jioni moja na kubeba abiria kesho yake. Katika hospitali nyingi wananchi waliibatiza wodi ya mifupa jina la wodi ya bodaboda. Jina hilo lingalipo. Hata kofia ngumu, ambayo uchunguzi wa kimataifa umeonyesha hupunguza vifo vya waendeshaji kwa kiasi cha 42 kwa 100 na majeraha ya kichwa kwa 69 kwa 100, hadi leo utaikuta imening'inizwa kwenye kiwiko cha dereva, kana kwamba ajali itagonga kiwiko.

Kuhusu ukimya, hata wakubwa hawajamaliza kazi. Umoja wa Ulaya uliagiza tangu Julai 2019 kwamba aina mpya za magari ya umeme zitoe sauti ya kutengenezwa zinapokwenda polepole, chini ya kilomita 20 kwa saa, kwa ajili ya vipofu hasa. Agizo hilo ni la magari. Pikipiki na skuta hazimo. Hivyo Songea haina mahali pa kuazima jibu zima. Italazimika kulitunga nyumbani.

Nililiuliza jambo hili kijiweni, kwa vijana wenyewe, jioni ile ile. Usidhani hawana mawazo. Mmoja alitaka taa ya mbele iwake mchana na usiku, maana macho yasaidie pale sikio lisipofaa. Mwingine alisema kila kijiwe kimkatae mwenye chombo kisicho na namba, kama wanavyomkataa mgeni asiyejulikana. Dereva mmoja wa bajaji, mtu mzima, aliwakumbusha habari ya betri: kwamba ile ya bei poa, iliyounganishwa kichochoroni, ikiingizwa umeme usiku kucha karibu na godoro la watoto yaweza kuwaka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Hakukosea. Jiji la New York lilipata vifo vingi vya namna hiyo hata likapitisha mwaka 2023 sheria ya kuzuia uuzaji wa betri zisizopimwa. Sisi tunalo Shirika la Viwango kwa kazi hiyo. Kinachotakiwa ni mnunuzi kuuliza, na aache kununua akijibiwa kwa kicheko. Betri na ichajiwe barazani au mahali penye hewa, mbali na mlango, mwenye nyumba akiwa macho.

Tulibishana sana juu ya matuta. Wengine walitaka wakala wa barabara za mijini aongeze tuta mbele ya kituo cha afya. Mimi naona tuta litapunguza mwendo, na hilo ni jema, lakini halitampa sauti kitu kisicho na sauti. Kijana mmoja alicheka akasema basi wafunge njuga kama za ngoma kwenye magurudumu. Tukacheka sote. Usiku kitandani sikuona tena sababu ya kucheka.

Aliyekuwa na shauri la karibu zaidi alikuwa mzee mwenyewe. Kesho yake, nilipokwenda kumuaga, nilimkuta kijana wa pikipiki ya umeme amekaa chini ya mwembe, amekuja na kilo ya sukari kuomba radhi. Mzee aliipokea sukari. Kisha akamwuliza apita saa ngapi asubuhi, apita saa ngapi jioni, na ni wangapi wenye vyombo kama chake katika kata nzima. Kijana akahesabu kwa vidole: wanne anaowafahamu, na dada yake wa tano.

"Waambie," alisema mzee, "mkifika pale kwenye lango la kituo, honi mara mbili, fupi. Si moja, moja wanapiga wote. Mbili, nitajua ni ninyi, nami nitasimama."

Kijana akaahidi. Asubuhi niliyosafiri, nikiwa ndani ya bajaji na furushi langu kuelekea stendi ya Tanga, tulipita mbele ya kituo cha afya. Nilimsikia kabla sijamwona: honi mbili fupi, na akatokea kijana yule na abiria wake mwenye kofia kichwani. Nyuma yake, hatua ishirini hivi, ilifuata skuta nyembamba yenye kikapu, mwanamke na mtoto juu yake, ikapita langoni bila kutoa sauti yo yote.